Namna ya kudai rekodi za serikali na taarifa zako binafsi: Mwongozo kwa mkazi wa Chepseon

WAHENGA walinena kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Katika Wadi ya Chepseon, eneobunge la Kipkelion Mashariki, Kaunti ya Kericho, daftari mara nyingi lipo. Tatizo ni kwamba limo mikononi mwa mtu mwingine.

Mkataba wa barabara inayopitia mashamba ya chai hadi barabara kuu ya Kericho na Nakuru umefungiwa katika ofisi za mjini. Michango ya uzeeni ya mchumaji chai imeandikwa katika Hazina ya Taifa ya Hifadhi ya Jamii, NSSF. Historia ya matibabu ya mgonjwa iko zahanatini, na deni la kijana aliyekopa kwa simu limesajiliwa na shirika ambalo hajawahi hata kuona mlango wake.

Wananchi wengi huamini kwamba karatasi hizo ni siri, na kwamba kuziomba ni kumwomba afisa hisani. Imani hiyo si sahihi. Tangu Katiba ya sasa ilipoidhinishwa Agosti 27, 2010, kupata rekodi hizo ni haki, na sheria imeweka siku ambazo jibu lazima liwe limetolewa. Hata hivyo, haki hii humfaa zaidi yule anayejua aandike nini, amwandikie nani, na atunze ushahidi gani kwamba ameandika.

MSINGI WA HAKI

Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali. Kinampa pia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa mtu mwingine yeyote, ikiwa anazihitaji ili kutumia au kulinda haki yake nyingine. Kifungu hicho kinaongeza kwamba kila mtu anaweza kudai habari zisizo za kweli kumhusu zisahihishwe au zifutwe. Kifungu cha 31, kwa upande wake, kinalinda faragha ya mtu.

Bunge lilitunga sheria mbili za kutekeleza vifungu hivyo. Ya kwanza ni Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, iliyoanza kutumika Septemba 21, 2016. Ya pili ni Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, iliyoanza kutumika Novemba 25, 2019.

Kenya haikuwa ya kwanza. Uswidi ilitunga sheria ya namna hii mwaka wa 1766. Barani Afrika, Afrika Kusini ilikuwa na yake mwaka wa 2000, Uganda mwaka wa 2005, na Tanzania ikafuata mwaka wa 2016.

MILANGO MIWILI

Kosa linalowapotezea wengi muda ni kubisha mlango usio wao. Kabla ya kuandika barua, jiulize: karatasi ninayoitaka inahusu shughuli za umma, au inanihusu mimi mwenyewe?

Ikiwa ni mkataba wa barabara, bajeti ya zahanati, kumbukumbu za mkutano wa bodi, au vigezo vilivyotumika kugawa fedha za basari, tumia Sheria ya Upatikanaji wa Habari. Msimamizi wake ni Tume ya Haki ya Utawala, ambayo wengi huijua kwa ufupisho CAJ au kwa jina la Ofisi ya Ombudsman.

Ikiwa ni faili yako ya hospitali, rekodi yako ya kazi, picha yako au namba yako ya simu iliyotumiwa bila ridhaa yako, tumia Sheria ya Ulinzi wa Data. Msimamizi wake ni Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data.

Pia kuna rekodi zilizo na njia zake za kawaida, na hizo hazihitaji sheria yoyote kati ya hizi mbili. Anayetaka kujua mmiliki wa kipande cha ardhi hufanya upekuzi katika masjala ya ardhi kwa kulipa ada iliyowekwa. Anayetaka cheti cha kuzaliwa au cha kifo huenda kwa msajili. Anza na njia ya kawaida, na ikiwa afisa atakataa bila sababu ndipo utumie sheria.

BARUA IANDIKWE VIPI

Sheria ya Upatikanaji wa Habari inasema ombi liandikwe kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Kwa hivyo hakuna afisa anayeweza kuirudisha barua yako kwa sababu umeiandika kwa Kiswahili. Asiyejua kusoma na kuandika, au mwenye ulemavu unaomzuia kuandika, anaweza kueleza ombi lake kwa mdomo. Afisa analazimika kuliandika na kumpa nakala.

Taasisi inaweza kuwa na fomu yake, lakini hairuhusiwi kukataa ombi kwa sababu tu halikujazwa katika fomu hiyo. Hakuna ada ya kuwasilisha ombi. Unachoweza kutozwa ni gharama halisi ya kutoa nakala na, inapobidi, ya kukufikishia.

Hulazimiki kueleza kwa nini unazitaka habari hizo. Sheria inasema wazi kwamba haki yako haipungui kwa sababu ya nia yako, wala kwa sababu ya nia ambayo afisa anadhani unayo. Ukiulizwa "Wataka za nini?" unaweza kujibu kwa heshima kwamba sheria haikutaki ueleze.

Barua hupelekwa kwa afisa mkuu wa taasisi, kwani yeye ndiye afisa wa kutoa habari kisheria, ingawa anaweza kumkabidhi mwingine kazi hiyo. Kwa masuala ya kaunti, mwandikie Katibu wa Kaunti, ambaye ndiye mkuu wa utumishi wa umma wa kaunti. Kwa barabara zilizo chini ya serikali ya kitaifa, mwandikie mkuu wa mamlaka inayohusika, kwa mfano KeRRA, yaani Mamlaka ya Barabara za Mashambani.

Jambo muhimu kuliko yote ni kutaja nyaraka zenyewe. Barua inayosema "naomba habari zote kuhusu barabara zetu" humpa afisa nafasi ya kusema hajaelewa. Huu hapa ni mfano wa barua inayotosha:

"Kwa Katibu wa Kaunti, Serikali ya Kaunti ya Kericho. KUH: Ombi la habari chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Mimi ni raia wa Kenya na mkazi wa Wadi ya Chepseon. Naomba nakala za nyaraka zifuatazo kuhusu ukarabati wa barabara ya (taja inakoanzia na inakoishia) katika mwaka wa fedha wa (taja mwaka). Kwanza, mkataba uliotiwa saini pamoja na orodha ya kazi na gharama zake. Pili, hati za malipo ambayo yamekwisha kufanywa. Tatu, ripoti ya ukaguzi na cheti cha kukamilika kwa kazi. Ikiwa nyaraka hizi ziko katika taasisi nyingine, tafadhali lipelekeni ombi hili huko kama sheria inavyoagiza, na mnijulishe."

Malizia kwa jina, anwani, namba ya simu, tarehe na saini. Andika nakala mbili. Moja uiache ofisini, na nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, kisha urudi nayo nyumbani. Ukituma kwa barua pepe, hifadhi ujumbe uliotuma. Bila tarehe hiyo siku haziwezi kuhesabiwa, na siku zisipohesabika haki yako itabaki kuwa maneno matupu.

SIKU 21

Tangu ombi lipokelewe, afisa ana siku 21 za kutoa uamuzi. Ikiwa habari hizo zinahusu uhai au uhuru wa mtu, kwa mfano jamaa aliyekamatwa na hajulikani aliko, muda ni saa 48.

Afisa anaweza kuongeza muda mara moja tu, kwa siku zisizozidi 14, iwapo nyaraka ni nyingi mno au anahitaji kushauriana na wengine. Ikiwa habari ziko katika taasisi nyingine, ana siku 5 za kulipeleka ombi huko. Siku zikipita bila jibu, sheria inahesabu kwamba umekataliwa. Afisa hawezi kukushinda kwa kunyamaza, kwa sababu kimya chake kinakufungulia mlango wa kukata rufaa.

Sheria inatoa adhabu pia. Afisa anayekataa kupokea ombi, anayeshindwa kujibu katika muda uliowekwa, anayetoza zaidi ya gharama halisi, au anayekataa kumsaidia asiyejua kuandika, anaweza kutozwa faini isiyozidi Sh50,000, kufungwa jela kwa muda usiozidi miezi 3, au yote mawili.

Baadhi ya habari hazipaswi hata kuombwa. Taasisi ya umma ikishatia saini mkataba, inatakiwa ichapishe maelezo ya kazi itakayofanywa, kiasi cha fedha, jina la mwanakandarasi na muda wa kukamilisha. Katika barua yako, unaweza kuwakumbusha kwamba unachoomba kilipaswa kuwa kimetangazwa tayari.

YANAYOWEZA KUKATALIWA

Haki hii ina mipaka. Taasisi inaweza kukataa kutoa habari zinazoweza kudhuru usalama wa taifa, kuhatarisha maisha ya mtu, kuvuruga utaratibu wa haki, kuingilia faragha ya mtu mwingine pasipo sababu ya kutosha, au kuumiza maslahi halali ya kibiashara. Hata hivyo, mahakama inaweza kuagiza zitolewe ikiwa manufaa kwa umma yanazidi madhara.

Mfano mzuri ni fedha za basari. Mzazi wa Chepseon anayeshuku upendeleo ana haki ya kujua kiasi kilichotengwa, idadi ya wanafunzi walionufaika, mgawanyo wa fedha kwa shule na vigezo vilivyotumika. Lakini majina ya watoto na hali ya umaskini ya familia zao ni mambo ya faragha. Mwenye busara huomba takwimu na vigezo bila majina. Akifanya hivyo humnyima afisa kisingizio cha kukataa ombi zima, naye hupata karibu kila anachohitaji ili kujua kama ugavi ulikuwa wa haki.

Tahadhari nyingine inahusu karatasi zinazotolewa kisiri. Mwaka wa 2017, katika kesi ya uchaguzi wa urais iliyowasilishwa na Njonjo Mue na mwenzake, Mahakama ya Juu ilikataa kutegemea nyaraka za ndani za tume ya uchaguzi kwa kuwa haikuonyeshwa jinsi zilivyopatikana kihalali. Karatasi iliyopitishwa mlango wa nyuma inaweza kukosa thamani mahakamani. Ile uliyoiomba kwa barua na kupewa kwa barua haina doa.

UKIKATALIWA

Ukikataliwa, ukitozwa ada isiyofaa, au ukikaliwa kimya, una siku 30 za kuiomba Tume ya Haki ya Utawala iuchunguze upya uamuzi huo. Ambatanisha nakala yako yenye muhuri na jibu ulilopewa, kama lipo. Tume ina mamlaka ya kuwaita maafisa, kuzikagua nyaraka na kuagiza zitolewe. Asiyeridhika na agizo lake anaweza kukata rufaa katika Mahakama Kuu ndani ya siku 21.

Mahakama zimeonyesha kwamba sheria hii inaweza kuwafikia hata wakubwa. Novemba 2017, Mahakama Kuu iliamua kwamba kitengo cha Rais cha kusimamia miradi kilipaswa kuipa Taasisi ya Katiba habari kuhusu fedha zilizotumika katika matangazo ya serikali kabla ya uchaguzi. Mei 2022, Mahakama Kuu ya Mombasa iliamua vivyo hivyo katika kesi ya muungano wa Okoa Mombasa na mwanaharakati Khelef Khalifa, waliokuwa wameomba mikataba ya reli ya SGR. Novemba mwaka huo, Waziri wa Uchukuzi wa wakati huo, Kipchumba Murkomen, alichapisha sehemu ya mikataba hiyo. Kesi zote mbili zilianza kwa barua ya kuomba.

FAILI YAKO MWENYEWE

Sheria ya Ulinzi wa Data inamhusu kila anayekusanya taarifa za watu, awe serikali, hospitali, shule, mwajiri, chama cha ushirika au kampuni ya mikopo. Inakupa haki ya kuelezwa taarifa zako zinatumiwaje, kuziona, kupinga zisitumiwe, kusahihisha zilizokosewa na kufuta za uongo au za kupotosha.

Kanuni za 2021 zilifupisha muda. Anayeshikilia taarifa zako anatakiwa kukuruhusu uzione ndani ya siku 7 tangu uombe, tena bila malipo. Ombi la kusahihisha linatakiwa kushughulikiwa ndani ya siku 14. Utaombwa uthibitishe kuwa wewe ndiwe mwenye taarifa, hivyo uwe na kitambulisho. Mzazi au mlezi anaweza kuomba kwa niaba ya mtoto.

Ukipuuzwa, wasilisha malalamishi kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data. Sheria inataka malalamishi yachunguzwe na kukamilishwa ndani ya siku 90. Kamishna anaweza kutoza faini ya hadi Sh5 milioni, au asilimia moja ya mapato ya kampuni ya mwaka uliotangulia, kutegemea kiasi kilicho kidogo. Aliyepata madhara anaweza kulipwa fidia.

Faini hizo zimekwisha kutozwa. Septemba 2023, ofisi ya Kamishna Immaculate Kassait iliitoza shule moja Sh4.55 milioni kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi, na kampuni moja ya mikopo ya kidijitali Sh2.975 milioni kwa kutumia majina na namba za simu za watu kinyume cha sheria.

Aliyekopa kwa simu ana njia nyingine pia. Ana haki ya kupata ripoti yake ya mikopo bila malipo angalau mara moja kwa mwaka kutoka kwa mashirika ya marejeleo ya mikopo. Akikuta deni alilokwisha kulipa bado limeandikwa, adai lisahihishwe kabla hajanyimwa mkopo wa mbolea.

MCHUMAJI CHAI NA REKODI ZA KAZI

Katika Kericho na Bomet, pengine hakuna anayehitaji sheria hizi kuliko mfanyakazi wa mashamba ya chai. Mshahara wake hutokana na kilo zinazopimwa na mtu mwingine, jeraha lake huandikwa katika zahanati ya kampuni, na michango yake hupelekwa na mwajiri. Mashamba yakiuzwa, kama yalivyouzwa baadhi ya makubwa katika miaka ya hivi karibuni, huenda yule aliyemjua kwa jina akawa hayupo tena. Kinachobaki ni rekodi.

Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi taarifa ya maandishi ya mshahara inayoonyesha makato, na cheti cha utumishi anapoondoka kazini. Mwajiri anatakiwa kutunza maelezo ya mkataba kwa miaka 5 baada ya ajira kukoma. Kesi ikifika mahakamani na mwajiri ashindwe kuleta maelezo hayo, ni juu yake kukanusha masharti anayoyadai mfanyakazi.

Lakini mfanyakazi asilale. Dai linalotokana na mkataba wa ajira hutakiwa kufikishwa mahakamani ndani ya miaka 3. Anayestaafu au kuachishwa kazi aombe mapema, kwa barua, rekodi za kilo alizochuma, mishahara, makato na matibabu. Kisha aombe NSSF taarifa ya michango yake na ailinganishe na makato yaliyo katika karatasi za mshahara. Mwezi unaoonekana kwenye karatasi moja na kukosekana kwenye nyingine ndio mwezi wa kuuliza.

FAILI ZA ZAMANI

Kuna karatasi nyingine ambazo bado zina uzito katika nchi ya chai. Katika enzi ya ukoloni, Wakipsigis na Watalai waliondolewa katika ardhi yao, na sehemu kubwa yake ikageuzwa kuwa mashamba ya chai. Sheria ya mwaka wa 1934 iliwahamishia Watalai hadi Gwassi, karibu na Ziwa Victoria. Mwaka wa 2019, Tume ya Taifa ya Ardhi iliyatambua madai yao kuwa dhuluma ya kihistoria, na Agosti 2022 wawakilishi wa walioathirika walifikisha malalamishi katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya.

Madai ya aina hiyo husimama au huanguka kwa nyaraka. Mwaka wa 2011, wakati wazee wa Mau Mau walipokuwa wakiishtaki Uingereza jijini London, serikali ya nchi hiyo ilikiri kwamba ilikuwa imeficha maelfu ya faili za makoloni yake ya zamani katika jumba la Hanslope Park. Miongoni mwazo zilikuwemo za Kenya. Mwaka wa 2013 Uingereza ilikubali kuwalipa waathiriwa 5,228 fidia ya pauni milioni 19.9.

Faili hizo sasa zimewekwa katika Nyaraka za Taifa za Uingereza huko Kew. Sheria ya Uhuru wa Habari ya nchi hiyo ya mwaka wa 2000 inamruhusu mtu yeyote, hata asiye raia wake, kuandikia taasisi za umma za huko, nazo zinatakiwa kujibu ndani ya siku 20 za kazi.

Hapa nchini, anza na Idara ya Nyaraka za Taifa katika barabara ya Moi, Nairobi, au kituo chake cha kumbukumbu cha Nakuru. Na ikiwa faili ya zamani bado imo katika ofisi ya serikali, kumbuka kwamba sheria ya 2016 inachukulia kwamba habari zilizohifadhiwa kwa zaidi ya miaka 30 si siri tena, isipokuwa taasisi ithibitishe vinginevyo.

KWA UFUPI

Taja karatasi unayoitaka. Mwandikie afisa mkuu. Pata muhuri wenye tarehe. Hesabu siku 21 kwa rekodi za umma, na siku 7 kwa taarifa zako binafsi. Ukinyimwa rekodi za umma, nenda kwa tume kabla siku 30 hazijaisha. Ukinyimwa taarifa zako binafsi, nenda kwa Kamishna.

Na nakala yako yenye muhuri usimwachie mtu. Iweke pamoja na hati ya shamba, kwani nayo pia ni mali.